Kukatazwa kuswali kiwandani Colorado

Ndugu, huyo mdogo wako anayekatazwa kuswali kwenye kiwanda cha nyama huko Colorado, Marekani, ana pa kushika. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nafasi ya ibada, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2023 (Groff dhidi ya DeJoy) bosi hawezi kukataa kwa kusema tu "inatusumbua". Athibitishe kwamba biashara inabeba mzigo mkubwa. Huko huko Colorado, mjini Greeley, kampuni ya nyama ya JBS ilikubali mwaka 2021 kulipa dola milioni 5.5 katika kesi ya wafanyakazi Waislamu iliyofunguliwa na EEOC, tume ya serikali kuu inayoshughulikia ubaguzi kazini.

Aombe ruhusa kwa maandishi, hata kwa meseji, na azitunze. Wakimgomea aende EEOC. Ni bure, wakili si lazima. Kwa Colorado ana siku 300 tangu tukio, baadhi ya majimbo ni 180.

Ila kama wamemfukuza kwa kulalamikia mashine hatari, hapo ni OSHA, idara ya serikali kuu ya usalama kazini, na muda ni siku 30 tu! Wengi hukwama hapo, wakisubiri meneja apoe.