Jina "msaada" halitumiwi na mtu, mbona nakataliwa?

Swali: Assalaam aleikum mtaalamu. Sisi ni kikundi cha akina mama, tunashona mikoba ya leso, na kikundi chetu chaitwa Msaada. Nimetaka kusajili jina la mtumiaji "msaada" kwenye mtandao mmoja wa kuuzia bidhaa, naambiwa halipatikani. Nimelitafuta, simwoni anayelitumia. Nani kalishika?
*Msomaji, Likoni*

Jibu: Waaleikum salaam, dada. Aliyelishika ni mtandao wenyewe, na amefanya sawa.

Tazama anwani ya duka lolote pale: jina la tovuti, mkwaju (alama hii: /), kisha jina la mwenye duka. Ukurasa wa kusaidia wateja nao una anwani ya namna hiyo hiyo, yaani mkwaju, kisha "msaada". Mkipewa jina hilo, kurasa mbili zitagombea anwani moja.

Haya yamenifika. Niliwajengea tovuti wauzaji leso wa Biashara Street, hapa Mombasa, nikazuia "login", "help" na "admin", maneno niliyoyanakili kwenye orodha ya Kiingereza. Kumbe kurasa zangu zote zilikuwa za Kiswahili. Mtu akajisajili kwa jina "ingia". Kuanzia hapo kila aliyebonyeza Ingia alikuta picha ya leso nyekundu na bei yake, pasipo mahali pa kuandika nenosiri. Wauzaji walifungiwa nje mchana kutwa, na kosa lilikuwa langu. Ndiyo maana nikiona mtandao umezuia "msaada", najua aliyeujenga aliwafikiria watu wake. Wenzangu mnaojenga tovuti za Kiswahili, wekeni ingia, toka, malipo, mipangilio na nenosiri kwenye orodha kabla mtu wa kwanza hajajisajili. Jina likishachapishwa kwenye kadi na mifuko ya mtu, kumpokonya ni kumdhulumu.

Kwenye barua pepe hatari ni kubwa zaidi. Kampuni zinazotoa vyeti vya usalama vya tovuti, yaani vinavyoonyesha kwamba tovuti ndiyo yenyewe, huweza kumthibitisha mwenye tovuti kwa kutuma barua pepe kwa anwani ya tovuti hiyo inayoanza na moja ya majina matano: admin, administrator, webmaster, hostmaster na postmaster. Mwaka 2015 ilibainika kwamba mtu mmoja wa Ufini alijisajilia hostmaster kwenye live.fi, huduma ya Microsoft, kama vile mtu yeyote anavyofungua barua pepe, akapewa cheti cha live.fi nzima. Mwenye cheti kama hicho anaweza kujifanya tovuti yenyewe. Microsoft ililazimika kutoa tahadhari na kukifanya kisiaminiwe tena.

Kisha kuna utapeli wa kawaida, ambao sote twaujua. Mteja wako akipata ujumbe kutoka kwa "msaada" ukimtaka atume PIN yake, ataamini ni ofisi inayomwandikia.

Kwa hivyo jisajilini kama "msaadalikoni" au "mikobayamsaada". Msiongeze "a" nyingine kwenye "msaada" wala kubadilisha herufi moja kwa tarakimu. Majina ya namna hiyo ndiyo ya matapeli, na akaunti yenu yaweza kufungwa. Jina la duka, lile linaloandikwa kwa herufi kubwa juu ya picha, mara nyingi ni sehemu nyingine na haliingii kwenye anwani. Jaribuni kuandika Msaada hapo.