Re: Demografia chuoni, ni hesabu tupu?

Ndugu, umeuliza kama kusoma mabadiliko ya idadi ya watu chuoni ni hesabu tupu, na uanzie wapi. Hesabu zipo, ila za sekondari zinatosha kuanzia. Kinachowaangusha wengi ni kuzitumia bila kufikiri.

Chukua sensa za Tanzania: mwaka 2012 tulikuwa 44,928,923, mwaka 2022 tukawa 61,741,120. Ongezeko ni asilimia 37.4. Wanafunzi wengi hugawanya kwa 10 na kuandika 3.7 kwa mwaka. Ni kosa, maana walioongezeka nao huzaa. Gawanya idadi ya pili kwa ya kwanza, tafuta logariti asilia ya jibu (kitufe cha ln kwenye kikokotoo), ndipo ugawanye kwa miaka 10: unapata 0.032, yaani asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa kanuni ya haraka ya kukadiria, gawanya 70 kwa 3.2, na unaona watu wataongezeka maradufu kwa miaka 22 hivi kasi isipopungua. Hapo ndipo uchumi unapoingia: madarasa, wakunga, maji, ajira.

Kabla ya kuchora piramidi ya umri, yaani mchoro wa idadi ya wanaume na wanawake kwa kila umri, kagua data. Watu hukadiria umri, kwa hiyo 30, 35 na 40 hufurika huku 31 na 39 zikibaki pungufu. Jumlisha wenye umri unaoishia na 0 au 5 kati ya miaka 23 na 62, gawanya kwa moja ya tano ya wote wa umri huo, zidisha kwa 100. Jibu likikaribia 100, data ni safi; likipanda mno, tumia makundi ya miaka mitano mitano.

Takwimu jifunze mapema, mwaka wa kwanza kabisa.