Maji kwanza, uvimbe baadaye

Wadogo zangu mnaoanza chumba cha endoskopi, macho yenu yazoee weusi. Maji kwenye altrasaundi huonekana meusi. Mgonjwa ana uvimbe wa kongosho, majibu ya picha ya CT yanasema tumbo halina maji, nawe ukishusha skopu yenye altrasaundi kwenye ncha hadi mfuko wa chakula unaona mchirizi mweusi umejibana kando ya ini. Usiupite. Hizo mililita chache zikikutwa na seli za saratani, ugonjwa umeshasambaa, ni hatua ya 4, na upasuaji wa kuondoa uvimbe haupangwi tena.

Mimi niliwahi kuwa na haraka. Nikachoma uvimbe kwanza, kisha nikavuta maji kwa sindano ileile. Daktari wa patholojia akanipigia: "Seli hizi umezikuta kwenye maji, au umezipeleka wewe?" Nilikosa la kumjibu. Mgonjwa akafunga tena, akalazwa tena usingizi, kwa uzembe wangu.

Kwa hiyo maji huanza, na sindano iwe mpya, nyembamba, geji (kipimo cha unene) 22 au 25. Washa Doppler uone mishipa ya damu. Sindano hupitia ukuta wa mfuko wa chakula, basi chagua sehemu safi: sindano ikipita kwenye saratani ya mfuko wa chakula, itabeba seli zake, na majibu yatakudanganya. Ncha ibaki katikati ya maji, uvute polepole. Ukivuta kwa pupa, mafuta ya tumboni yanaziba tundu la sindano na bomba la kuvutia linabaki tupu.

Kama tumbo limejaa maji, hayo yote ya nini? Mlaze, mchome ubavuni kwa altrasaundi ya kawaida.

Sampuli ya maji ya patholojia msiitie fomalini, ile dawa ya kuhifadhi vipande vya mwili, ipelekeni mbichi na mapema. Albumini, aina ya protini, ipimwe ya maji na ya damu siku hiyohiyo, kisha toeni ya maji kwenye ya damu. Tofauti ikifika gramu 1.1 kwa desilita, fikirieni presha ya juu kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini. Na huku kwetu TB ya tumbo huiga saratani vizuri mno, basi ombeni na ADA, kimeng'enya kinachopanda kwenye maji ya TB, maji yakitosha. Yakiwa kidogo, patholojia ipewe kwanza. Wakisema hawakuona seli mbaya, msimwambie mgonjwa amepona: seli hazidondoki kwenye maji kila mara.

Kwenye fomu andikeni sindano ilipita wapi. Yule wa patholojia bado hupiga simu.