Usingoje Anayekudai Akutafute

Kazi ya mweka hazina wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana hela, imenifundisha kumpima mtu kwa jambo moja: siku ya marejesho imefika na hana hela, anafanyaje? Kulipa ukiwa nazo si mtihani mkubwa. Heshima ya mtu naiona pale mfuko unapokuwa mtupu.

Tuna mwanachama mmoja, mama anayechukua samaki Feri na kuwakaanga mtaani kwetu. Kuna kipindi biashara ilimwendea vibaya, na mtoto naye akalazwa. Jioni ya kuamkia kikao alikuja nyumbani, akafungua fundo la khanga, akatoa noti zilizokunjamana zenye harufu ya samaki. "Dada, hili si rejesho kamili. Nisomee nadaiwa ngapi, kesho nikaseme mwenyewe mbele ya watu." Akasema kweli, amesimama wima, bila kumsingizia mtu. Kikao kilimwongezea muda bila ubishi, na leo akiomba mkopo hakuna anayeuliza mdhamini wake ni nani.

Mwingine ana gari na duka. Siku ya marejesho simu haipatikani. Ukimkuta njiani atakusimulia mzigo uliokwama bandarini, halafu Jumamosi unamwona ukumbini akiwatunza maharusi noti za elfu kumi kumi, wale wekundu wa Msimbazi, watu wanampigia vigelegele. Zile noti ni za akina mama waliojinyima ili wanunue hisa za kikundi. Wazee walishasema, kukopa harusi, kulipa matanga. Na inauma zaidi kwa sababu mtaa mzima unamwita mheshimiwa.

Vikundi vya namna hii vilianza kwa akina mama wa Niger mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE, na sanduku letu bado lina kufuli tatu kama yalivyo mengi: funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, hakuna anayeweza kufungua peke yake. Utaratibu mzuri sana. Lakini hela ikishakopeshwa ikatoka mlangoni, kufuli hazina kazi tena. Inabaki kauli ya aliyeichukua.

Kwa hiyo ukikwama, nenda mwenyewe kabla hujatafutwa. Nenda na chochote ulichonacho, hata kama ni kidogo cha kutia aibu. Taja siku unayoiweza kweli, usitaje siku ya kumfurahisha anayekudai ili akuache upite. Na muandikishane, hata mkiwa ndugu wa tumbo moja. Sisi Waislamu aya ndefu kuliko zote katika Qurani, Al-Baqarah 282, inahusu kuandika deni, na aya mbili kabla yake inamtaka anayedai ampe nafasi mdaiwa aliyebanwa. Pande zote mbili zimepewa wajibu.

Ukipata hela, anza na wadogo. Benki ina barua na mawakili, italifuatilia deni lake. Mama ntilie uliyekula kwake wiki nzima, kibarua aliyekuchimbia shimo la choo, fundi aliyekushonea sare za watoto, hao hawana wa kuwasemea. Mtu anayemlipa kibarua jioni ileile, kabla jasho halijakauka, huyo namwamini hata kwa sanduku lote.

Na wewe unayedai, heshima yako nayo iko mizani. Tumeona mikopo ya kausha damu inavyochukua mpaka magodoro ya watu, na ile ya kwenye simu inayowatumia ujumbe wakwe na mabosi wako kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja hadharani majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na nilifurahi. Kwenye kikundi chetu hatumtangazi mtu WhatsApp. Anafuatwa nyumbani, na watu wawili, saa ambayo watoto wako shuleni.

Jambo la mwisho, na wengi tunalikwepa. Msibani msemaji wa familia husimama akauliza nani anamdai marehemu, na mara nyingi watoto ndiyo kwanza wanasikia. Hawajui lipi la kweli, lipi la kubambikwa. Mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani daftari lako la madeni, unayodai na unayodaiwa, na ajue unaliweka wapi. Fanya hivyo wiki hii, ukiwa mzima.