Sarafu: jero iliyopinduka, ukingo ulioliwa na herufi T ya Tabora

Nina duka Kanyenye, jioni nabaki na sarafu kama 200. Nizipekue vipi bila kukesha, nipate zenye kosa la kiwandani ambazo wakusanyaji hulipia?

Zitenge kwa thamani, kisha kwa mwaka, uzipange kumikumi. Iliyo nene, nyembamba au pana kuliko wenzake itajitokeza kabla hujashika lenzi. Zilizobaki angalia ukingo kwanza, halafu nyuso. Taa iwe moja tu, iwekwe ubavuni, maana mwanga wa juu unafuta vivuli. Mstari uliovimba juu ya uso ni muhuri wa kiwandani uliopasuka, madini yakapenya kwenye ufa wake: hilo ni kosa halisi. Mstari uliozama ni mkwaruzo, irudishe droo. Lenzi ya sonara ya mara 10 inatosha. Ukikuza zaidi utaona kasoro ambazo hakuna atakayezilipia.

Jero yangu (sarafu ya shilingi 500) nikiigeuza, nyati yuko kichwa chini. Nimeula?

Inategemea umeigeuza vipi. Mweke Karume wima, bana sarafu juu na chini kwa vidole viwili, kisha izungushe kushoto au kulia kama unayefunua ukurasa. Nyati anatakiwa kusimama sawa. Ukiibinua toka juu kwenda chini, kila jero nchini itakuonyesha nyati aliyepinduka, na "ugunduzi" mwingi tunaoletewa ni wa namna hiyo. Akilala kidogo tu, achana nayo. Akilala ubavu au akapinduka kabisa kwa kipimo hiki cha ukurasa, itunze.

Na jero iliyobadilika rangi? Ndani ni chuma, nje nikeli, na jiko la mkaa huigeuza rangi vizuri sana. Hilo si kosa la kiwanda.

Sarafu imeliwa ukingoni kama imeng'atwa. Nitajuaje kama si patasi ya fundi?

Tazama upande wa pili wa sarafu, mkabala kabisa na pengo. Vipande vya duara hukatwa kwenye bamba la madini. Bamba lisiposogea vya kutosha, kisu huangukia tundu lililotangulia, na kipande hutoka na pengo la mviringo. Kikipita kwenye mashine ya kuinua ukingo, mahali penye pengo hakuna cha kubanwa, hivyo upande wa mkabala nao haupati shinikizo. Ndiyo maana ukingo wa hapo huwa hafifu, wakati mwingine umefifia kabisa. Maandishi yaliyo jirani na pengo nayo huonekana kama yamevutwa kulielekea. Patasi au tupa haifanyi hayo: inaacha mikwaruzo, makali, au madini yaliyosukumwa pembeni, na ukingo wa mkabala unabaki mzima. Ipime pia kwa mizani ya sonara. Jero nzima ni gramu 9.5, yenye pengo lazima ipungue.

Kwenye kopo la bibi, Isevya, kuna sarafu ya njano ya enzi za Wajerumani yenye taji, D.O.A. (kifupi cha Deutsch-Ostafrika, Afrika Mashariki ya Kijerumani), 1916 na 20 HELLER. Imepigwa vibaya, imekaa upande. Ni kosa?

Hapana, na ndiyo raha yake. Ukiona na herufi T, basi imezaliwa hapohapo Tabora. Vita Kuu ya Kwanza vilikata meli za sarafu kutoka Ujerumani, Wajerumani wakapiga zao kwenye karakana ya reli, shaba ya njano ikitoka pia kwenye maganda ya mizinga. Wabelgiji waliingia mjini Septemba 1916. Kwa kazi ya haraka vile, kukaa upande, unene usiolingana na maandishi hafifu ni kawaida, hivyo usimlipe mtu zaidi kwa ajili yake.

Kinachotafutwa ni aina za muhuri. Kwanza taji: kubwa au ndogo. Pili herufi L mbili za HELLER: ncha zake zimechongoka, zimejikunja zote, au imejikunja ya L ya pili peke yake. Tatu madini, shaba nyekundu au ya njano. Andika mambo hayo matatu kwenye karatasi kabla ya kuzungumza bei. Heller 5 ya mwaka huohuo ni ndogo. Kwake pima unene na utazame kitako cha taji, bapa au cha mviringo.

Niisugue kwa ndimu na majivu?

Usithubutu. Asidi inakula ngozi ya sarafu na hairudi. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kausha kwa kuigusisha kitambaa, si kusugua.

Kuna mtu Ujiji anauza rupia 15 ya dhahabu yenye tembo. Niikaguaje?

Ya kweli, ya Tabora 1916, ni gramu 7.17, dhahabu ya karati 18. Weka kikombe cha maji kwenye mizani inayosoma 0.01, irudishe sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi izame bila kugusa kikombe. Dhahabu hiyo itasoma karibu 0.5, shaba ya njano yenye uzito uleule hupita 0.8. Ikifaulu bado usilipe, kwa sababu bandia za dhahabu halisi zipo. Soma neno OSTAFRIKA: ncha ya nakshi ya kulia huishia chini ya T, aina iliyopigwa 9,803, au chini ya A ya kwanza, 6,395. Ikiishia kwingine, mwachie tembo wake.