Hawaii haikuwa ya Mhispania, wadogo zangu

Jana nimekaa nyuma kwenye semina ya mwaka wa kwanza, nikasikia tena: 1898 Marekani iliipiga Hispania ikachukua Cuba, Puerto Rico, Guam, Ufilipino na Hawaii. Nikafunika uso kwa daftari. Desa, yale madokezo ya kunakili, ni lile lile, mnarithishana kama kanzu ya babu.

1. Hawaii itoeni humo. Mwaka wangu nilisimama na chati niliyoichora usiku kucha, mishale myekundu kutoka Madrid kwenda Washington, mmoja mnene kuliko yote umepitia Honolulu. Mwalimu wetu, mama mpole, akaniuliza, "Baba, kwani Malkia Liliuokalani alikuwa Mhispania?" Jina lenyewe ndiyo kwanza nalisikia. Nikajibu, "Ndiyo, kwa upande wa mama." Darasa likavunjika mbavu, na mimi, badala ya kukaa, nikaendelea kufafanua ukoo! Jioni maktaba ndipo nikajua: alikuwa malkia wa Hawaii yenyewe, akapinduliwa Januari 1893 na kikundi cha wafanyabiashara na mawakili, wengi wao wenye asili ya Marekani, askari wa Boston, manowari ya Marekani, wakiwa wameshushwa mjini. Rais Cleveland wa Marekani akagoma kuvichukua visiwa. Vikaja kumezwa na Marekani Julai 1898 chini ya Rais McKinley, meli za vita za kwenda Manila, Ufilipino, zikihitaji pa kupakia makaa, tena kwa azimio la Bunge, maana mkataba wa kuvitwaa ulikosa theluthi mbili kwenye Seneti. Hadi leo wenzangu wananiita Upande wa Mama.

2. Cuba msiiandike koloni. Azimio la Teller la Bunge la Marekani, Aprili 1898, lilikataza kuitwaa. Someni Marekebisho ya Platt, sheria ya Marekani ya 1901 kuhusu Cuba, mtajua Guantanamo, kambi ya Marekani kisiwani humo, ilitokea wapi. Sapu nyingi, mitihani ya kurudia, zinatokea hapo.

3. Mkataba wa Paris, uliomaliza vita na Hispania, 10 Desemba 1898, dola milioni 20 kwa Ufilipino. Sawa. Lakini mtu anaandika "ikanunuliwa" anaweka nukta, anakwenda kunywa chai! Aguinaldo, kiongozi wa Wafilipino waliopigania uhuru, alikuwa ameshatangaza uhuru tangu tarehe 12 Juni, na Paris watu wake hawakupewa kiti. Februari 1899 wakaanza kupigana na Mmarekani yule yule waliyedhani kaja kuwasaidia. Desa lenu linaipa vita hiyo nusu mstari, nanyi mmeinakili hiyo nusu pamoja na kosa lake la herufi.

4. Ramani kwanza, desa baadaye.

Chati yangu bado ipo, chini ya godoro. Anayeitaka kwa semina ya Alhamisi aje aichukue, ila mshale wa Honolulu ataufuta mwenyewe.