Barua kwa mwanangu: mashine ya makasia na mtu wa kubaki nayo

Mwanangu,

Salamu zako zimefika na sisi huku Lindi hatujambo. Umeuliza mnyororo wa mashine yako ya mazoezi, ile ya kupiga makasia, uupake mafuta gani usije ukaliwa na kutu muda wote utakaokuwa masomoni Morogoro, na uifunike kwa turubai au kwa shuka. Halafu mwisho kabisa wa barua ukadokeza kwamba mdogo wako wa Chikongola, huko huko Mtwara, ameomba akae nayo mpaka urudi.

Nianze na mafuta, maana hayo hayana mjadala. Chukua mafuta ya cherehani, yale mepesi yasiyo na rangi. Lowesha tambaa safi kwa kiasi cha kijiko cha chai, kisha ushike mnyororo kwa tambaa hilo huku ukivuta mpini taratibu, mpaka urefu wote upite mkononi. Ukimaliza, futa kwa tambaa kavu. Watu wengi huishia kwenye kupaka, kufuta hawafuti, na mafuta yaliyozidi hushika vumbi, vumbi nalo husaga pingili. Wenye Concept2, kampuni iliyoitengeneza, wanasema upake kila baada ya saa 50 za kupiga makasia. Sawa, lakini wao wako Vermont, jimbo la Marekani lisilo na pwani. Wewe uko Shangani ya Mtwara, kando ya bahari, na kusi ikivuma unaonja chumvi mdomoni ukiwa umekaa sebuleni. Usingoje saa 50. Na ile dawa ya kupuliza, ya kulegezea nati zilizoshika kutu, usiisogeze hapo: inaosha mafuta yaliyokuwamo na kuuacha mnyororo mkavu.

Reli ya kiti ifute kwa tambaa bichi. Weusi utakaouona kwenye tambaa ni wa kawaida. Zile betri mbili nene zitoe kabla hujasafiri, zisije zikavuja ndani. Mpini usiuache umening'inia kwenye kishikio chake. Urudishe mpaka uguse kizimba cha feni, ili kamba ya mpira iliyo ndani ilegee. Ikikaa imevutwa miezi yote hiyo itachoka, na wewe ukirudi utakuta mpini hauna haraka ya kurudi. Na kufunika, tumia shuka. Turubai linafungia unyevu ndani.

Haya yote ukiyafanya vizuri, bado mashine itakuwa imekaa. Na mimi nimekwambia tangu ukiwa mdogo: chombo hakifi kwa kazi, chombo hufa kwa kukaa. Kumbuka ulivyoinunua kwa yule bwana wa gesi alipokuwa anahama Mtwara. Ilikuwa chini ya ngazi, imefunikwa vizuri kabisa, na mnyororo ulikuwa umekakamaa hivyo hivyo chini ya kifuniko. Nilikuja tukafungua kizimba, tukatoa vumbi na nyuzi za nguo kwa mikono. Wewe ulikuwa unafurahi kwamba ni nyepesi kuvuta, kumbe ilikuwa nyepesi kwa sababu hewa haipiti kwenye feni. Tulipoirudishia ukavuta, feni ikanguruma, mama yako akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Sasa nikueleze habari ya mashua ya babu yako. Unaijua kwa juu juu tu, kwa sababu nyumbani haisemwi sana.

Babu alikuwa anavusha watu kati ya Lindi mjini na Kitunda, ng'ambo ya ghuba. Asubuhi anatoka Kitunda na wenye mihogo na nazi, jioni anawarudisha na unga na mafuta ya taa. Tanga alikuwa nalo, lakini upepo ukikataa ni makasia. Vishwara vyake, vile vitanzi vya kushikia makasia, alivisuka mwenyewe kwa usumba wa nazi, na hakuvilaza ufukweni hata siku moja. Vilikuja nyumbani vikatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, vikinuka sifa. Sisi watoto tuliizoea ile harufu ya mafuta ya papa, hatukuisikia tena.

Msimu wa korosho babu akaenda shambani Nyangao. Mashua akamwachia mdogo wake, yaani babu yako mdogo, babu yake huyu wa Chikongola. Akamwambia maneno mawili: vusha watu, lowesha mbao. Babu yako mdogo akavusha siku chache, halafu siku ya bamvua, maji yanapojaa sana, akaipandisha juu kabisa ufukweni, akaifunika makuti, akaenda kwenye mambo yake. Bamvua likapita, yakaja maji mafu yasiyopanda mbali, bahari haikuifikia tena. Bamvua la pili likaja, hakuwapo mtu wa kuishusha.

Babu aliporudi nilikwenda naye. Aliondoa makuti, akainama ndani ya mashua, nami nilikuwa upande wa nje. Nikaliona jicho lake. Mbao zilikuwa zimekauka zikaachana, pamba ya kalafati, ile ya kuziba nafasi za mbao, imedondoka chini mchangani, na mimi ninamwona baba yangu anapepesa jicho katikati ya ubao na ubao. Hakusema neno. Alirudi nyumbani akachukua patasi na pamba, akaanza kupiga kalafati upya ubavu wa kwanza, na wiki zile zote watu wa Kitunda walivuka na wengine, na baadhi yao hawakurudi kwake. Babu yako mdogo alikuja na kuku. Babu akampokea, wakala pamoja. Mimi yule kuku sikumla, na mpaka leo nikimkumbuka koo linakaza.

Kwa hiyo ukiniandikia kwamba mjukuu wa mtu yule anaomba kukaa na chombo chako, unadhani naweza kufikiria mafuta ya cherehani?

Lakini ngoja. Nimekuwa nikijibishana na nafsi yangu tangu jana. Mashua ile haikuharibiwa na kuazimwa. Iliharibiwa kwa kukaa. Babu yako mdogo angeivusha kila siku, hata kwa fujo, hata kwa kugonga gonga mawe, maji yangezishika mbao na babu angeikuta ina michubuko tu. Basi kwa kauli yangu mwenyewe, mashine iliyofunikwa shuka Shangani ina hatari kuliko mashine inayovutwa kila alfajiri Chikongola na kijana mwenye jasho. Na huyu kijana si babu yake. Nimemwona akiosha pikipiki yake: anapitisha mswaki kwenye mnyororo pingili kwa pingili, anafuta, anapaka. Hilo nimeliona kwa macho.

Halafu nikifika hapo nasema, pikipiki ni yake na inamletea riziki. Ya mtu mwingine je? Yule mzee naye nyavu zake mwenyewe alizitunza vizuri sana.

Mama yako anasema niache, wewe ni mtu mzima, umeuliza mafuta nikujibu mafuta. Ana haki. Mkono unataka kuandika mpe au usimpe, na nimekwisha kuandika moja ya hayo mawili kwenye karatasi nyingine nikaichana. Mashine ni yako na huyo ni ndugu yako, amua wewe. Ila ukiamua kumpa, usimkabidhi mlangoni ukiwa na begi mgongoni. Mkalishe kwenye kiti kile, apake mnyororo mbele yako, afungue kizimba cha feni, aone vumbi linakaa wapi. Muoneshe mahali mnyororo unapoungana na mpini, maana pale ndipo vyuma vinasuguana na kulika, na asipopajua hatapakagua. Na umwambie habari ya mashua. Sidhani kwao waliwahi kumsimulia.

Kichupa cha mafuta nimempa dereva wa basi la asubuhi, pamoja na ming'oko, vile viazi vya porini, ya mama yako. Ming'oko ichemshe leo leo.

Baba yako